Sukuma ya Manjano Haidai CAN Kila Mara

Kuanzia magunia ya mboga ya Kibera hadi vishamba vya Kangemi jijini Nairobi, ushauri ni ule ule: sukuma ikigeuka manjano, iongezee CAN, ile mbolea ya naitrojeni. Hela nyingi hupotea hapo.

Dhana: Manjano ni njaa ya naitrojeni.
Tazama kwanza ni majani yapi. Naitrojeni ikipungua, mmea huinyonya kutoka majani makuukuu na kuyapelekea machanga, hivyo manjano huanzia chini. Madini ya chuma hayahami hivyo. Yakikosekana, majani ya juu ndiyo hupauka, mishipa ikibaki kijani.

Dhana: Mbolea ikishafyonzwa, kazi imekwisha.
Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mizizi hufyonza sehemu kubwa ya naitrojeni ikiwa nitrati, na nitrati haijengi protini jinsi ilivyo. Lazima kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia ndani ya mmea) kiitwacho nitrati riduktesi kiigeuze kuwa nitriti, kisha kingine kiigeuze nitriti kuwa amonia, ndipo asidi amino zitengenezwe. Kile cha kwanza hakifanyi kazi bila madini ya chuma na molibdeni. Molibdeni yenyewe ni chembe tu: takriban sehemu 1 kwa milioni 10 ya uzito mkavu wa mmea. Ikikosekana, nitrati hurundikana jani likiwa bado na sura ya njaa. Koliflawa huonyesha wazi: jani hukosa ubapa wake, ukabaki mshipa wa kati na vipande vya jani vilivyokunjamana pembeni.

Udongo mwekundu wenye asidi hunasa molibdeni, na mbolea ya DAP au yurea ya kila msimu huongeza asidi hiyo. Mara nyingi dawa yake ni chokaa ya kilimo, wala si mfuko mwingine wa mbolea.

Dhana: Basi chokaa na jivu havina kiasi.
Vina. Ukizidisha, zinki, manganizi na chuma hunaswa, na vimeng'enya vinavyovitegemea huzorota. Pima udongo kwanza. Maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, pale Kabete hufanya kazi hiyo.

Dhana: Saa ya kuchuma haijalishi.
Nitrati riduktesi huchangamka kwenye mwanga na kulegea gizani, kwa hiyo nitrati, ambayo hatuitaki nyingi kwenye mboga, huwa nyingi jani likichumwa alfajiri kuliko alasiri. Julai, mawingu yakikaa juu ya Nairobi siku nzima, punguza naitrojeni kwenye spinachi, na uchume baada ya saa nane mchana.