"Tutakupigia": foleni ya huduma ambayo haina mwenyewe

Kwenye kabati la kliniki yetu kuna daftari kubwa lenye jalada gumu jeusi, kona zake zimeshikiliwa na selotepu. Hilo ndilo foleni yenyewe. Mzazi akija na mtoto aliyechelewa kukaa, kutembea au kusema, nasi tukose nafasi ya kumwanzishia tiba, jina huingia humo pamoja na umri wa mtoto, mtaa wanaokaa na namba ya simu ya mama. Kisha anaambiwa neno ambalo wazazi wa Nairobi wamelizoea hata wanalimalizia wenyewe kabla hujafungua mdomo: tutakupigia.

Januari nilikaa na daftari hilo asubuhi nzima nikipiga simu moja baada ya nyingine. Namba ya kwanza, mteja hapatikani kwa sasa. Ya pili ilipokewa na kijana asiyemjua mama wala mtoto, kwani laini ilishapewa mtu mwingine. Ya tatu, mama alisharudi kwao Busia baada ya kodi ya nyumba kumshinda. Wa nne alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Daktari, si mlisema miezi mitatu? Huyu sasa ana miaka saba." Mimi si daktari, lakini nilichoka zamani kusahihisha. Nilitazama ukurasa. Umri: miaka 4. Daftari halina siku ya kuzaliwa.

Kazi yangu ni tibakazi, yaani kumsaidia mtu aweze kula, kuvaa, kuoga, kushika kalamu. Kwamba wataalamu wa fani hii na wa tiba ya matamshi ni wachache, kila mzazi aliyewahi kututafuta anajua. Ninalotaka kueleza ni jambo dogo kuliko hilo na ambalo halisemwi sana: foleni yetu haina mwenyewe, na foleni isiyo na mwenyewe huumiza watu hata pale nafasi zinapopatikana.

Ulemavu wa ukuaji ni jina la jumla la hali zinazoanza mtoto akiwa tumboni au katika miaka yake ya mwanzo, zikafuatana naye maishani. Usonji ni mmojawapo, na mtindio wa ubongo (cerebral palsy) unaovuruga misuli na mwendo, na ulemavu wa akili, na hali ya Down (Down syndrome). Aliyevunjika mkono hutolewa plasta baada ya wiki kadhaa na kiti chake kinabaki wazi kwa mwingine. Mwenye mtindio wa ubongo akianza mazoezi leo atayahitaji mwakani, na mwaka unaofuata, kwa namna nyingine. Ndiyo maana foleni hii haisogei kama ya benki. Aliyeingia hatoki, na aliye nje anaona mlango umefungwa. Tukiongezewa mtaalamu mmoja, nafasi hufunguka mwezi wa kwanza na wa pili, halafu zinajaa na mambo yanakwama palepale. Dawa mojawapo ni kutoa tiba kwa vipindi: wiki kadhaa za kufanya kazi kwa karibu na mtoto na mlezi, kisha mazoezi yaendelee nyumbani, mtoto akaguliwe baada ya muda uliowekwa, arudi hali ikibadilika. Wazazi huiogopa njia hii, wakidhani wanafukuzwa. Siwalaumu. Ukishasubiri miaka mitatu kuingia, huwezi kutoka kwa ahadi ya simu.

Na mwili hausubiri. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye misuli ya mapaja inakaza anaweza kukalishwa vizuri, kugeuzwa, kupewa kitu cha kuitenganisha miguu anapolala. Akiachwa hadi miaka minne bila lolote, nyonga huweza kuanza kuchomoka kwenye kikombe chake polepole, na hapo tunazungumzia upasuaji, si mazoezi tena. Tarehe aliyoandikwa kwenye daftari haituambii hayo.

Sasa hesabu madaftari. Mama wa Kayole anaanza na letu. Akitaka shule, anapelekwa kwenye kituo cha tathmini ya elimu, mpango ulioanza nchini mwaka 1984, miaka miwili kabla ya chuo cha elimu maalumu cha KISE kuanzishwa huko Kasarani. Shule au kitengo maalumu atakachoelekezwa kina orodha yake mezani kwa mwalimu mkuu. Ili mtoto asajiliwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lazima kwanza atathminiwe kwenye hospitali iliyoidhinishwa, na hospitali hiyo ina siku zake. Halafu kuna Inua Jamii, msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa muda wote, nayo ina orodha yake. Kila mlango unaanza na swali lilelile: alipozaliwa, alilia? Mama mmoja aliniambia amelijibu mara nyingi mpaka anamsikia mtoto akilia ndotoni, ingawa siku ile hakulia.

Mtoto mmoja kwa hiyo anahesabiwa mara nne au tano, na mwingine hahesabiwi popote, kwa sababu madaftari hayasomani. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Walio chini ya miaka 5 hawamo kwenye hesabu hiyo, na hao ndio ambao kazi yetu ingewafaa zaidi.

Kabla hatujajidharau, foleni za namna hii zipo hata kwa matajiri. Huko Marekani, tangu 1981 majimbo yaliruhusiwa kutumia fedha za Medicaid, bima ya serikali kwa wasio na uwezo, kumhudumia mtu mwenye ulemavu nyumbani kwake badala ya kumfungia kwenye taasisi. Majimbo yaliruhusiwa pia kuweka kikomo cha nafasi, na palipo na kikomo pakazuka orodha. Kufikia 2024 orodha hizo zilikuwa na majina zaidi ya 700,000 nchi nzima, wengi wao watu wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, waliobakizwa kwenye hospitali ya akili ingawa waliokuwa wakiwatibu walisema wanaweza kuishi katika jamii. Mahakama ikasema kumtenga mtu hivyo bila sababu ni ubaguzi. Ila kuna kipengele kwenye hukumu hiyo ambacho mimi nimekipenda kuliko kingine: jimbo linaweza kujitetea likionyesha lina mpango wa kweli na orodha inayosogea kwa mwendo unaokubalika. Maana yake foleni ikawa kitu cha kuulizwa mahakamani. Ina mwenyewe.

Pennsylvania hupanga majina kwa uharaka: wanaohitaji huduma ndani ya miezi sita, ndani ya miaka miwili, na wale wa baadaye. Ohio ilibadili kanuni zake mwaka 2018 ili kila aliyeandikwa atathminiwe mahitaji yake ya sasa, si tarehe aliyofika. Sababu ni ya kibinadamu kabisa. Wazazi wengi walikuwa wakiandikisha watoto mapema kwa kujihami, maana kila mtu alijua foleni ni ndefu, na kujihami huko kukaifanya iwe ndefu zaidi. Hapa kwetu tunafanya vivyo hivyo kwa kumwandikisha mtoto mmoja katika kliniki tatu.

Fedha za Medicaid hatuna. Lakini kupanga majina kwa uharaka hakuhitaji bajeti mpya, kunahitaji mtu aliyepewa kazi hiyo na dakika ishirini za maswali. Mtoto anapaliwa akilishwa? Ana kifafa? Anapungua uzito? Mlezi ni nani, ana umri gani, ni mgonjwa? Leo kinachomsogeza mtoto mbele ni mambo mengine. Kuna anayemjua mtu wa utawala. Kuna anayekuja kila Jumatatu na kulia kwenye benchi mpaka tunamwingiza. Nimewahi kumwingiza mmoja wa hao, na sijutii, ila najua kuna mama aliyekuwa juu yake kwenye ukurasa ambaye hakuwa na nauli ya kuja kulia. Makanga wengi humtoza viti viwili, kwa kuwa mtoto wa miaka sita mwenye miguu iliyokaza hapakatiki.

Nionavyo mimi, orodha iwe moja kwa kila kaunti ndogo, na Nairobi ina 17. Huduma nyingi za afya ziligatuliwa mwaka 2013, basi mwenyewe wa kwanza ni kaunti, huku elimu na Baraza wakisoma orodha ileile kwa masharti ya sheria ya ulinzi wa data ya 2019, maana habari za mtoto si za kusambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, ni wakati mzuri wa kuliuliza jambo hili. Wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa 2023, zaidi ya 100,000 nchi nzima, kila mmoja ana kaya zake kama mia moja anazozitembelea. Wao wanajua nani amehama ploti kabla hata mwenye nyumba hajajua. Orodha ikipita mikononi mwao kila baada ya miezi mitatu, haitakuwa na namba zilizokufa.

Tena anayesubiri asirudi nyumbani mikono mitupu. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye kuchelewa kukua, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na hayahitaji mtaalamu bingwa kuyaendesha. Kuna pia kiti. Unachukua maboksi ya sabuni, unayapasua, unayabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa kama uji, unakandamiza kwa mawe, unaanika mpaka yawe magumu kama ubao. Kinakatwa kwa kipimo cha mtoto: upana wa nyonga, urefu wa paja, meza mbele, kipande cha kutenganisha magoti. Julai, jua la Nairobi likijificha, kinaweza kuchukua wiki mbili kukauka, na panya wanaipenda sana gundi ile, kwa hiyo kipakeni rangi mapema. Mtoto aliyekaa wima kwenye kiti hicho anameza kwa usalama kuliko aliyelazwa mapajani akilishwa. Kundi la akina mama kumi hutengeneza viti hivyo wakiwa bado kwenye foleni.

Nimesema watoto muda wote kwa sababu ndio walio kwenye daftari. Watu wazima hawana hata daftari. Kijana akifika miaka 18 kliniki ya watoto inamuaga, shule maalumu inamfikisha kwenye hatua ya ufundi, naye anarudi kukaa chumbani na mama ambaye sasa ana miaka 60 na magoti yanamuuma. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara yake ya 19 inasema mtu ana haki ya kuishi katika jamii akipata msaada anaouhitaji. Mtaani kwetu msaada huo una jina moja, mama. Hakuna wa kumpokea hata wikendi moja ili aende matanga ya nduguye. Swali la nani atamlea nikifa tunaulizwa kila wiki, nasi tunajibu kwa kumwombea. Umri wa mlezi ungewekwa kwenye orodha kama kigezo cha uharaka, angalau tungewaona hao wanaokuja.

Ukiwa mzazi unayesubiri, usingoje kadi ya ulemavu wala ripoti ndipo uanze: siku ileile uliyoandikwa, omba uonyeshwe jambo moja la kufanya nyumbani, na usiondoke kabla hujalifanya mwenyewe mbele ya mtaalamu. Uliza kama wanapanga majina kwa uharaka, uko kundi gani na lini watakukagua tena, waandike kwenye kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Mtoto akianza degedege, kupaliwa au kupungua uzito, rudi bila kungoja simu na useme hali imebadilika. Nakala za kila ripoti zikae pamoja kwenye bahasha moja, tarehe zikionekana.

Yule mama wa mtoto wa miaka saba alikuja Jumanne iliyofuata, mtoto mgongoni, bahasha kwapani. Nilikata ile 4, nikaandika 7 pamoja na tarehe ya kuzaliwa, kisha nikamsogezea daftari ajaze mwenyewe upande wa simu. Aliandika namba tatu. Yake, ya dadake, na ya mwenye duka la M-Pesa lililo chini ya ploti yao. "Huyo hahami," akasema.