Fimbo nafuu ya pool: yanayosemwa mezani na ukweli wake

Anayecheza pool Ijumaa jioni baada ya kazi hahitaji fimbo ya bingwa. Anahitaji fimbo iliyonyooka, yenye ncha nzuri, ambayo mkono wake umeizoea. Inaniuma kuona vijana wakimaliza nusu ya mshahara kwa sababu ya maneno waliyoyasikia pembeni ya meza, na mengi ya maneno hayo si kweli.

Linalosemwa zaidi ni kwamba fimbo ya bei mbaya ndiyo inayotia mipira. Fimbo na mpira mweupe hugusana kwa muda mfupi mno, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kinachogusa ni kipande kidogo cha ngozi kilichobandikwa kwenye ncha. Nakshi, picha za joka, uzi uliosokotwa kwenye mpini, vyote viko nyuma huko na mpira hauvijui. Ngozi ndiyo iliyougeuza mchezo huu. Mfaransa François Mingaud alipoanza kuitumia kwenye ncha mwanzoni mwa karne ya 19, mchezaji aliweza kuupiga mpira juu, chini au pembeni na kuuzungusha atakavyo bila fimbo kuteleza.

Haya nimeyaona kwa fimbo yangu mwenyewe. Niliinunua kwa bei ya chini, ikiwa na ncha bapa, ngumu, inang'aa kama kifungo. Kila nikijaribu kuurudisha mweupe nyuma, ncha inateleza na mpira unakwenda unakotaka. Nilishakata tamaa nayo. Fundi mmoja akaing'oa ile ncha kwa wembe, akasugua juu ya pete, ile inayofunika mwisho wa mti chini ya ngozi, kwa msasa mpaka pakawa sawasawa, akabandika ngozi mpya kwa gundi na kuiacha ikauke. Kesho yake akazipunguza kingo zisizidi pete, akaizungusha kwenye msasa hadi ikapata mviringo. Kisha akasimamisha sarafu ndogo kando ya ncha kunionyesha: mkunjo wa ngozi na ukingo wa sarafu unalingana. Gharama ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na fimbo mpya, na mpira uliokuwa ukinikataa ukaanza kurudi. Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, nunua mti ulionyooka, inayobaki ipeleke kwenye ngozi.

Chaki inayopakwa kwenye ncha isiteleze nayo ina lake. Wapo wanaosema ya ubaoni inatosha, lakini ile ya pool ni chaki kwa jina tu. Ni mchanganyiko wenye silika (madini ya mchanga) na unga mgumu unaokwaruza, na Wamarekani William Spinks na William Hoskins waliupatia hataza mwaka 1897. Ya ubaoni ni laini, haishiki.

"Chukua nzito, ina nguvu." Hili nalipinga kwa hesabu. Fimbo nyingi za pool ya Kimarekani zina uzito wa gramu 510 hadi 595, na mpira una gramu kama 170. Ukitoka kwenye fimbo ya gramu 540 ukaenda kwenye ya 600, huku mkono ukiisukuma kwa kasi ileile, kasi ya mpira inaongezeka kwa takriban asilimia 2 na nusu tu. Na mkono wenyewe hauwezi kuisukuma fimbo nzito kwa kasi ileile! Chagua uzito unaoutawala bila bega kuchoka.

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani fimbo moja inafaa kila meza. Pima mipira ya pale unapocheza kabla hujatoa hela. Mipira ya Kimarekani ina kipenyo cha milimita 57, na fimbo zake huwa na ncha ya milimita 12 hadi 13. Ile midogo ya pool ya Kiingereza ni milimita 51, mara nyingi na mweupe mdogo zaidi ya mingine, na fimbo zake zina ncha ya milimita 8 au 9 hivi. Ncha nene kwenye mpira mdogo inakuziba, huoni vizuri unapougusa. Ncha nyembamba kwenye mpira mkubwa itacheza, ila pigo la kufungua mchezo linaitesa, ngozi inatanuka na kuchoka mapema. Muuzaji hatakuuliza unacheza meza gani, kwa hiyo nenda na jibu lako.

Dukani utaambiwa uibiringishe mezani, ikiyumba imepinda. Kipimo hicho kinasaidia, lakini meza yenyewe huwa imeinama, na fimbo ya vipande viwili inaweza kuyumba kwa sababu skrubu ya katikati haikukaa sawa. Fanya kama seremala anavyokagua ubao: weka mpini karibu na jicho, fumba jicho la pili, tazama mpaka nchani huku ukiizungusha polepole. Kisha ifungue, ukague kila kipande peke yake. Wanaoogopa vipande viwili wakidhani ni dhaifu, wajue hata mabingwa hutumia hizohizo. Skrubu ikikazwa vizuri fimbo haitikisiki, na inaingia kwenye daladala bila kumchoma mtu.

Fimbo nzuri pia hupinda. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na sisi wa pwani tunalijua hilo kwenye milango yetu. Usiiegemeze ukutani wiki nzima, wala usiiache kwenye buti ya gari juani. Yangu nailaza juu ya kabati, ndani ya mfuko wake, vipande vimetenganishwa, na kila nikitoka kucheza naifuta chaki kwa kitambaa kikavu.