Waifai ya maktaba: alama imejaa, mbona hakifunguki kitu?

Juzi nimekaa maktaba hapa Tabora, pembeni yangu binti anajaza fomu ya mkopo wa chuo, simu inaonyesha waifai imejaa kabisa halafu ukurasa unazunguka tu, akaniuliza "kaka, mbona neti ipo ila haifungui?" Na hapo ndo wengi tunakwama, tunaita waifai intaneti wakati ni vitu viwili.

Waifai ni mawimbi ya redio kati ya simu yako na kile kiboksi cha ruta pale ukutani, basi. Intaneti yenyewe inaingia kwenye ruta kwa njia nyingine, faiba au laini ya simu kama hii yako. Chukulia unaenda Kigoma, bodaboda inakutoa Isevya mpaka stesheni, ila anayekufikisha Kigoma ni treni. Alama ikijaa maana yake boda ipo, haikwambii kama treni imefika.

Na behewa ni moja, mnabanana. Wawili watatu wakianza kushusha muvi, fomu yako inasubiri mlangoni. Ndo maana jioni wanafunzi wakishajaa inakuwa nzito. Saa nyingine shida ni ukuta: ruta nyingi zinatoa mawimbi ya aina mbili, ya 5 GHz yana kasi ila ukuta mnene unayakata, ya 2.4 yanapenya zaidi ila ni ya polepole na yana msongamano, kwa hiyo sogea karibu na ruta kabla hujalaumu mtu. Sehemu nyingine kuna ukurasa wa kukubali masharti, usipoufungua na kukubali, alama inaonyesha umeunganishwa ila hakifunguki kitu.

Usalama sasa, hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtu yeyote anaweza kuipa hotspoti yake jina la maktaba, muulize mkutubi jina lenyewe ni lipi. Angalia https mwanzoni mwa anwani ya tovuti, inamzuia aliye katikati yako na tovuti kusoma unachoandika, ila haikuhakikishii kwamba mwenye tovuti si tapeli, kwa hiyo anwani yenyewe isome herufi kwa herufi kabla ya kuweka paswadi. Kutuma hela kwa ile menyu ya nyota 150 hakupiti kwenye waifai kabisa, huko usiwe na hofu.

Yule binti nikamwambia aje asubuhi maktaba ikifunguliwa tu. Kaja, watu wanne ndani, fomu ikaenda.