Je, wajua kwa nini bakteria hushindwa kung'ang'ania baadhi ya mipira ya mkojo ya hospitali?

Aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika hahitaji kufundishwa kuyaheshimu mawe. Pale Kibirizi, ukiingia majini kusukuma mtumbwi na kukanyaga jiwe bila kuangalia, utajikuta umekaa. Utelezi ule ni utando wa bakteria na mwani waliojishikiza juu ya jiwe wakajifunika ute wao wenyewe.

Utando kama huo huota pia kwenye mpira wa mkojo anaowekewa mgonjwa. Mpira ukishaingia, protini za mwilini huupaka ndani ya dakika chache. Bakteria anayepita hapo hugusa kijuujuu kwanza, na bado anaweza kuondoka. Akiona pamemfaa hujifunga kwa vinyweleo vyake, huzaana, kisha kundi zima hutoa ute wa sukari, protini na DNA. Humo ndani wengi hupunguza kukua, kama waliolala, ilhali antibiotiki nyingi huwapata wale wanaokua. Ndiyo maana mara nyingi daktari huamua kuutoa mpira wenyewe. Kila siku unapokaa, uwezekano wa bakteria kuonekana kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7.

Si mpira upakwe sumu tu? Imejaribiwa, hasa madini ya fedha, ndiyo, hiyohiyo ya mikufu. Shida ni kwamba waliokufa wanaweza kubaki palepale, na wanaofuata wakatua juu ya mizoga yao. Mimi naiona njia nyingine kuwa ya kijanja zaidi: usimuue, mnyime pa kushika.

Polima ni molekuli ndefu kama mnyororo. Ukiotesha minyororo ya polietilini glikoli juu ya mpira, husimama kama majani ya mbugani na kuyashikilia maji. Protini ikitaka kutua, sharti iyasukume maji hayo yatoke, na kazi hiyo inahitaji nguvu nyingi. Polima nyingine zina chaji chanya na hasi kwenye mnyororo mmoja. Hizo huyashika maji kwa nguvu zaidi, na kwa kuwa chaji zake zimelingana, hakuna kinachomvuta bakteria.

Hapo ungedhani siri yote ni maji. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, pamoja na wenzao wa chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, walitoa matokeo yaliyovuruga hesabu hiyo. Walidondosha mamia ya polima tofauti juu ya vioo, tone kwa tone, kisha wakawaachia bakteria. Zilizoshinda ni za jamii ya akrilati zenye sehemu za kimafuta, baadhi zimejikunja kama pete, zisizopenda maji sana. Nadharia zilizokuwapo hazikuwa zimezitabiri.

Yupo bakteria mmoja anayesumbua bado, Proteus mirabilis. Huivunja urea ya mkojo, asidi hupungua, na chumvi huganda kuwa fuwele juu ya mpira. Polima ikishafunikwa hivyo, bakteria hutua juu ya fuwele, wala hawaigusi.