Simu, soketi na saa ya melini: yanayosemwa na ukweli wake

Kipupwe cha Ghuba kikifika, meli kubwa za kitalii hujipanga bandarini Dubai, na siku hizi ndugu zetu walioko Dubai, Muscat na Doha wanakata tiketi kama watu wengine. Safari huwa ya wiki hivi: Dubai, Abu Dhabi, Doha, pengine Bahrain au Muscat, kisha kurudi. Kabla ya kupanda kila mtu humuuliza aliyetangulia, na majibu yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp yamechanganya ya kweli na ya kubahatisha. Mkidanganyana kuhusu chakula hakuna atakayeumia. Mkidanganyana kuhusu simu na umeme, mtu anaweza kupokea bili ya kumliza, au kuwasha moto ndani ya chuma chenye watu maelfu.

Makosa karibu yote yana chanzo kimoja: watu wanaichukulia meli kama hoteli. Ikishang'oa nanga, meli ina umeme wake, mtandao wake wa simu, maji yake na saa yake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofuata mazoea ya nchi kavu.

"Baharini hakuna mtandao, kwa hiyo simu haitanikata chochote"

Hii ndiyo ghali kuliko zote. Meli nyingi kubwa zina minara midogo ya simu humo humo ndani. Zikiwa bandarini au karibu na pwani, minara hiyo huzimwa. Zikishatoka nje ya maji ya nchi, kwa kawaida maili 12 za baharini kutoka ufukweni, huwashwa, na simu yako huushika mtandao huo yenyewe bila kukuuliza. Tazama kioo: pale palipokuwa na jina la kampuni yako patatokea jina usilolijua, au tarakimu zinazoanza na 901, namba waliyopewa watoa huduma wasio wa nchi yoyote. Kutoka hapo mawasiliano hupanda setilaiti, na gharama hurudi kwenye laini yako kwa bei ya baharini. Simu za sasa nazo hazitulii. Umelala, yenyewe inapakia picha za jana, inasasisha programu, inavuta barua pepe.

Wanaoumia zaidi ni wale waliozoeshwa unafuu. Wateja wa Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini wana mpango wa mtandao mmoja, ulioanza 2014, ulioshusha bei ya kupiga simu ukivuka mpaka. Walioko Ulaya wana sheria ya Umoja wa Ulaya ya tangu 2017, inayowaruhusu kutumia laini nchi jirani kwa bei ya nyumbani. Wengi hudhani unafuu huo huwafuata popote. Mipango hiyo ni ya mitandao ya nchi kavu. Mnara wa melini haumo, hata kama meli inatoka bandari ya Ulaya kwenda bandari nyingine ya Ulaya.

Kinga yake haina gharama. Kabla meli haijaondoka gatini, weka simu kwenye hali ya ndegeni, kisha washa Wi-Fi peke yake. Kuzima data tu hakutoshi, maana simu ya kawaida inayoingia ukaipokea, nayo inahesabiwa. Wafanyie hivyo watoto pia, na ile simu ya pili ya mama iliyoko kwenye mkoba ambayo hakuna anayeikumbuka. GPS haizimiki kwa sababu ya hali ya ndegeni, hivyo ramani uliyoipakua mapema itaendelea kukuonyesha ulipo ukiwa sitahani.

"Nina eSIM ya nchi zote, nimemaliza"

Umemaliza mambo ya bandarini. eSIM, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi, hutegemea minara ya nchi kavu, na katikati ya bahari minara hiyo haipo. Kwenye Ghuba, ambako pwani haiko mbali, unaweza kubahatisha mawimbi kwa muda, lakini huchagui ni ya nani: ukipita Mlango wa Hormuz simu inaweza kushika Oman, au Iran upande wa pili, na bando lako linaweza kuwa halina nchi hiyo. Tena ukiwa bandarini kwenye Falme za Kiarabu, laini ya huko haipitishi simu za WhatsApp, jambo ambalo wakazi wa Dubai wanalijua na wageni hulalamika kwamba kifaa kimeharibika.

"Nikizima laini, WhatsApp itakufa"

Haifi. Ikishasajiliwa kwenye simu yako, inahitaji intaneti tu, na Wi-Fi ya meli inatosha. Usiihamishie kwenye simu mpya katikati ya safari, kwa sababu namba ya uthibitisho huja kwa SMS. Hapo ndipo pana tatizo lenyewe, na wachache hulifikiria mapema: namba za siri za benki zinazokuja kwa SMS hazitakufikia, na menyu ya M-Pesa ya kwenye laini haipiti kwenye Wi-Fi. Kodi ya nyumba, ada ya mtoto, mchango wa harusi, vyote vilipe kabla ya kupanda. Benki yako kama inaruhusu kuthibitisha malipo kwa programu badala ya SMS, badilisha ukiwa nyumbani.

"Intaneti ya melini ni ya kobe na ni ya matajiri"

Ilikuwa hivyo kweli. Kwa miaka mingi meli zilitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe ulipanda na kushuka umbali huo wote, ndiyo maana mlipoongea mlikuwa mnapokonyana maneno. Mwaka 2022 kampuni ya meli za kitalii ya Royal Caribbean ilitangaza kufunga Starlink, intaneti ya setilaiti zinazoruka chini zaidi, kwenye meli zake zote, na kampuni nyingine kubwa zikafuata. Setilaiti hizo ziko kwenye kilomita 550 hivi. Tofauti unaisikia mara moja kwenye simu ya video.

Bei bado ni ya kuumiza kiasi, na ujanja uko kwenye kununua. Vifurushi huuzwa kwa idadi ya vifaa. Mara nyingi kununua kabla ya safari kwenye tovuti ya kampuni ni nafuu kuliko kununua ukishapanda. Kifurushi cha kifaa kimoja kwa kawaida unaweza kukihamisha: toka kwenye simu, ingia kwenye tableti. Soma kama kinaruhusu simu za sauti na video, maana cha bei ya chini huenda kikawa cha ujumbe pekee. Na kabla hujalipa chochote, pakua programu ya kampuni ya meli. Ratiba na menyu huzipata bure kwa Wi-Fi ya ndani, na kampuni nyingine huruhusu abiria kuandikiana humo bure au kwa ada ndogo. Simu ya mezani ya chumbani nayo haina gharama kutoka chumba hadi chumba. Ukipiga nje ya meli ndipo bei hupaa.

Kama mawimbi ni hafifu chumbani, usiilaumu setilaiti haraka. Kuta za melini ni za chuma, na kifaa cha kusambaza Wi-Fi mara nyingi kiko kwenye ujia. Sogea karibu na mlango. Usifikirie kubeba ruta au sahani yako ya setilaiti. Kampuni kubwa zimevikataza na vitashikwa kwenye ukaguzi.

"Programu ya kibla haikosei"

Hili sijaona likiandikwa, ilhali Waislamu wengi wa pwani yetu wanasafiri. Dira ya simu inasoma usumaku, na umekaa ndani ya kasha la chuma. Ukuta huo huo unaonasa sumaku za friji (zibebe, zinasaidia kubandika ratiba) ndio unaoivuta sindano ya dira yako. Mabaharia wanalijua tangu meli zilipoanza kuundwa kwa chuma; dira ya sumaku ya melini husahihishwa kwa kuwekewa sumaku nyingine kuizunguka. Juu ya hilo, meli hugeuka, hivyo ulikoelekea kusali adhuhuri siko utakakoelekea alasiri. Njia ya uhakika ni hii: televisheni ya chumbani huwa na chaneli inayoonyesha ramani, mahali meli ilipo na mwelekeo inaoelekea. Jua omo, yaani mbele ya meli, iko wapi ukilinganisha na kitanda chako, kisha pima kutoka hapo. Au panda sitaha ya wazi ulitazame jua. Kama chumba hakina dirisha, GPS nayo haifiki, kwa hiyo programu ya nyakati za sala inaweza kuendelea kukupa nyakati za bandari ya jana. Ifungue ukiwa nje kwanza.

"Ekstensheni yangu yenye kinga ndiyo salama zaidi"

Hapa nia njema ndiyo inayoleta hatari. Mtu amenunua ekstensheni ya bei, yenye swichi na kinga ya umeme unaoruka ghafla, halafu ananyang'anywa kwenye ukaguzi wa mizigo. Anaona ameonewa.

Nyumbani fundi atakwambia kuna laivu na nyutro: laivu ina umeme, nyutro imefungwa na ardhi. Melini hakuna udongo wa kuzika fimbo ya ethi. Mwili wa meli wenyewe ndio unaoshika nafasi ya ardhi, na kwa kawaida umeme hutengwa nao kwa makusudi, ili hitilafu moja isizime mitambo katikati ya bahari. Kwa hiyo kwenye soketi yako nyaya zote mbili zinaweza kuwa na umeme. Kinga ya ekstensheni ya nyumbani inaweza kukata waya mmoja tu na kuuacha wa pili hai. Kile kidude cha ndani kinachomwaga umeme wa ziada kwenye ethi nacho kinaweza kupata moto hadi kuungua, kwa hitilafu iliyotokea mbali kabisa na chumba chako. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari juu ya jambo hili mwaka 2013. Royal Caribbean tangu 2024 imekataza hata ekstensheni za soketi nyingi zisizo na kinga. Melini moto ni wa kuogopwa kuliko dhoruba, kwa sababu hakuna pa kukimbilia.

Beba chaja moja yenye matundu mengi ya USB, basi. Igeuze usome maandishi madogo mgongoni: ikiandikwa 100-240V, haina shida na soketi yoyote. Meli nyingi huweka soketi ya Kimarekani ya volti 110 pamoja na ya Ulaya ya 220. Plagi yetu ya pini tatu utaikuta zaidi kwenye meli za soko la Uingereza, kwa hiyo adapta ni lazima. Lakini adapta hubadilisha umbo la plagi tu, volti haziguswi. Pasi ya nywele ya 110 ukiichomeka kwenye 220 itaungua mkononi mwako. Na soketi ndogo ya bafuni iliyochorwa mashine ya kunyolea ni ya mashine ya kunyolea tu.

Pasi ya nguo, birika la umeme, hita ya kuchovya kwenye kikombe, mishumaa na ubani wa kuchoma viache nyumbani. Meli za Uingereza kama za P&O na Cunard huweka birika chumbani. Kwingine mwombe mhudumu wa chumba maji ya moto.

"Maji ya bomba ni ya bahari, hayanyweki"

Mara nyingi yanatoka baharini kweli, ila husafishwa kwa kuchemshwa na joto la injini au kwa kukamuliwa kwenye vichujio, kisha hutiwa klorini na kupimwa. Yananyweka bila wasiwasi. Beba chupa tupu.

"Friji ya chumbani itatunza insulini"

Usiitegemee. Nyingi ni za kupooza vinywaji, hazifiki baridi ya friji ya jikoni, na katika meli ambazo umeme wa chumba hutegemea kadi ya mlangoni, huenda friji ikazimika ukitoka. Nenda kituo cha afya cha meli siku ya kwanza, au iarifu kampuni kabla ya safari. Wanalo jibu, na wanalo kopo la kutupia sindano.

"Simu inajibadilisha saa yenyewe, siwezi kuachwa"

Unaweza, tena kwa sababu hiyo hiyo. Meli hufuata saa ya nahodha, ambayo si lazima iwe saa ya bandari. Dubai na Muscat ziko saa moja mbele ya Doha na Bahrain. Meli ikitoka Dubai na kubaki na saa ya Dubai, wewe ukashuka Doha, simu itashika mtandao wa Qatar na kujirudisha nyuma saa nzima. Kwenye ngazi ya kushukia paliandikwa mwisho wa kurudi ni 17:30, yaani saa kumi na moja na nusu jioni. Uko sokoni Souq Waqif, simu inasoma 16:30, unaona una saa nzima. Meli imeshafunga mlango.

Machi 2024 abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn waliachwa kisiwani São Tomé, magharibi mwa Afrika, baada ya matembezi yao ya binafsi kuchelewa. Pasipoti zao zilishushwa kwa wakala wa bandari, nao wakalazimika kuvuka nchi kadhaa kuifuata meli hadi Dakar. Matembezi yanayouzwa na meli yenyewe yakichelewa, kwa kawaida meli husubiri. Ukijitembeza mwenyewe, haina wajibu huo.

Zima kubadilika kwa saa kiotomatiki kwenye simu, au vaa saa ya mkononi uliyoilinganisha na ya meli asubuhi hiyo. Sikiliza tangazo la jioni, kwa sababu safari nyingine husogeza saa usiku na nyingine haisogezi kabisa. Kisha piga picha ukurasa wa ratiba ya siku kabla hujashuka: mara nyingi huwa na saa ya mwisho ya kurudi pamoja na namba ya wakala wa bandari, na namba hiyo ndiyo ya kwanza kupiga ukifika gatini ukakuta meli imeshaondoka.