Seliaki ni nini, na kwanini damu haipandi hata ukimeza vidonge

Watu wakisikia seliaki wanadhani ni aleji ya ngano, hapana. Aleji inakuja fasta, midomo inavimba, mwili unawasha. Seliaki ni kinga yako mwenyewe inakugeuka, ukila gluteni (ile protini inayofanya unga wa chapati uvutike) inaanza kushambulia utumbo mwembamba, na mle ndani kuna vinyuzi vidogo vimesimama kama vya taulo, ndo vinanyonya chakula, sasa vikilala unakula unashiba ila mwili haupati kitu.

Mwanzo wa utumbo ndo unaumia zaidi, na hapohapo ndo madini ya chuma yananyonywa. Kwahiyo unakuta mtu haharishi wala nini ila damu iko chini miaka nenda rudi. Shangazi yangu alimeza vidonge vya damu, akanywa rozela mpaka basi, damu imegoma, kumbe kila asubuhi chai na chapati mbili. Foliki asidi, kalsiamu, vitamini D na zinki navyo vinapungua, mifupa inadhoofika kimyakimya.

Dawa ya kuimaliza hamna, unaacha ngano, shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano) maisha yote, sio kupunguza. Ila usiache kabla hujapima! Kipimo cha damu kinatafuta antibodi (silaha za kinga ya mwili) na zinashuka ukiacha, utaambiwa uko safi kumbe unao.

Huku kwetu afadhali, ugali, wali, muhogo, ndizi, uji wa ulezi vyote ruksa. Shida ni vya kujificha: soya sosi, bia ya shayiri, unga wa lishe uliotiwa ngano, kitumbua cha mchele kilichokaangwa kwenye mafuta ya maandazi, halafu mashine ya kusaga, mtu ametoka kusaga ngano na wewe unamwaga mahindi yako humohumo. Chakula kinachoitwa hakina gluteni hakitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa kilo, yaani vumbi tu linatosha kuharibu.

Utumbo ukianza kupona, vidonge vilevile vinaanza kufanya kazi, ila kwa mtu mzima inaweza kwenda hata zaidi ya mwaka, endelea kupima damu na vitamini D. Na unga wa ngano wa dukani mara nyingi umeongezwa chuma na foliki asidi, ukiuacha fidia kwa maharage, mboga za majani, maini, dagaa wazima na mifupa yao. Chai isiende pamoja na vyakula hivi vya chuma, inazuia chuma kunyonywa. Shangazi siku hizi anakunywa yake saa kumi jioni, na muhogo wa kuchemsha, chapati anazinusa tu jirani akipika.