Clonmacnoise: Monasteri Iliyoishi kwa Kivuko

Wageni wengi wanaofika Clonmacnoise, katikati ya Ireland, hudhani kwamba watawa walikwenda pale kutafuta upweke, kwa kuwa leo hawaoni ila magofu, malisho, vinamasi na mto Shannon. Mimi kama mwanaakiolojia naona kinyume chake. Mtakatifu Ciarán alipoianzisha monasteri hiyo katikati ya karne ya 6, alichagua mahali ambapo kigongo kirefu cha changarawe kilichoachwa na barafu ya kale, ambacho ndicho kilichowapa wasafiri njia kavu juu ya vinamasi kutoka mashariki hadi magharibi, kinakutana na mto.

Ushahidi unaoniridhisha zaidi umo majini. Wapiga mbizi walikuta mtoni masalia ya daraja la miti ya mwaloni, na pete za ukuaji wa mbao zake zikaonyesha kwamba lilijengwa mwaka 804. Kazi kubwa namna hiyo haifanywi na watu waliojitenga na dunia. Wafalme nao walipajua: Msalaba wa Maandiko, wenye urefu wa takribani mita 4, una maandishi yaliyolika sana yanayomwombea dua mfalme Flann na abate Colmán. Upande wa mashariki, chini, watu wawili wameshika nguzo moja, na wengi wetu tunawasoma kuwa Ciarán na mfalme wakisimamisha nguzo ya kanisa la kwanza. (Uliosimama uwanjani ni nakala; wa asili umehifadhiwa ndani, mvua isiumalize.)

Mwaka 1552 kikosi cha Waingereza kutoka Athlone kiliteka kila kitu, hata kengele na vioo vya madirisha, na monasteri haikuinuka tena.

Kazi ya kuvusha watu, hata hivyo, haikufa. Kilomita chache kusini, kijiji cha Shannonbridge kina daraja la mawe lenye matao 16, la mwaka 1757, na ng'ambo yake ya magharibi ipo ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, Waingereza walipohofu kwamba jeshi la Napoleon lingeshuka pwani ya magharibi na kuelekea Dublin. Ndiyo maana huwashauri wageni waanzie kijijini, wasimame darajani kwanza, kisha ndipo waende kwenye magofu.